Vinara wa Vioo na Vyuma: Rekodi za Majengo Yanayotunza Kumbukumbu

Kioo cha ghorofa la benki hukatwa kiwandani kwa kipimo kimoja, elfu kwa elfu, na kikipasuka leo kingine huagizwa kesho. Makumbusho, nyumba za ibada na majengo ya kuwaenzi marehemu hayajengwi hivyo. Huko fundi huitwa atengeneze kitu ambacho hakimo katika orodha ya muuzaji yeyote: dirisha la rangi la ukuta mmoja tu duniani, milango ya bronzi yenye sura zake, nguzo za chuma ambazo idadi yake ni idadi ya watu waliouawa. Kazi ikikamilika haina pacha.

Hata hivyo ushindani haukosekani, na kila anayejenga angependa kuitwa wa kwanza. Hapa tumewapanga vinara: wakongwe, wakubwa, warefu, wazito, na wachache ambao rekodi yao haipimwi kwa mita wala kwa kilo. Msomaji ajue mapema kwamba rekodi ya ukubwa ni mali ya kupita. Leo unayo, kesho tajiri mwingine anakupokonya. Zipo rekodi za aina nyingine ambazo hakuna fedha inayoweza kuzivunja, na tutazifikia.

Madirisha makongwe

Kanisa kuu la Augsburg, kusini mwa Ujerumani, lina manabii watano kwenye madirisha ya juu: Musa, Daudi, Danieli, Hosea na Yona. Wanne kati yao wana umri wa takriban miaka 900. Musa aliyepo sasa ni wa karne ya 16, amesimamishwa kuziba nafasi ya mwenzake wa awali. Kwa muda mrefu manabii hao wamehesabiwa miongoni mwa michoro mikongwe kabisa ya vioo vya rangi ambayo bado imo katika jengo lake la asili.

Mwaka 2021 walipata mpinzani. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL cha London walipeleka kifaa kidogo cha eksirei kwenye kanisa kuu la Canterbury, Uingereza, wakapima madini yaliyomo kwenye vioo bila kung'oa hata kipande kimoja. Baadhi ya picha za mababu wa Yesu, ambazo wataalamu walidhani ni za mwisho wa karne ya 12, zilionekana huenda zilitengenezwa kati ya mwaka 1130 na 1160. Ikiwa ndivyo, vioo hivyo vilikuwepo kanisani siku Askofu Mkuu Thomas Becket alipouawa humo mwaka 1170, na vikanusurika katika moto wa 1174.

Kinachovifanya vidumu hivyo ni ufundi wa hatua chache zilizofanywa kwa subira. Mchanga na majivu huyeyushwa tanuruni, na rangi hutoka kwenye madini: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa nyekundu au kijani kutegemea moto ulivyopulizwa. Kioo hukatwa vipande kufuata mchoro. Nyuso, vidole na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi iliyotengenezwa kwa unga wa chuma na unga wa kioo, kisha vipande hurudishwa motoni mpaka mchoro ushikamane na kioo chenyewe. Mwisho kila kipande hupachikwa kwenye vijiti vya risasi vyenye mfereji huku na huku, na maungio hulehemiwa. Risasi ni laini; upepo ukilisukuma dirisha, hujipinda kidogo badala ya kuvunjika.

Risasi nayo huchoka. Dirisha la mashariki la kanisa la York, kazi ya bwana John Thornton, lina paneli 311 na ukubwa unaokaribia uwanja wa tenisi. Thornton na watu wake walilimaliza katika miaka mitatu, kuanzia 1405 hadi 1408. Ukarabati wa safari hii ulianza mwaka 2008, na paneli ya mwisho ilirudishwa mahali pake Januari 2018. Mafundi wa leo, na zana zao zote, walitumia zaidi ya mara tatu ya muda wa Thornton.

Dirisha kubwa kuliko yote

Anayetafuta dirisha kubwa la vioo vya rangi hudhani atalikuta Ufaransa, katika Chartres au Sainte-Chapelle ya Paris, ambako madirisha 15 yenye kimo cha mita 15 yamesimama tangu mwaka 1248. Rekodi ya Guinness ilikwenda kwingine kabisa: kwenye nyumba ya makaburi. Resurrection Mausoleum ipo katika mji mdogo unaoitwa Justice, jimbo la Illinois, Marekani. Vioo vyake, vilivyokamilika mwaka 1971, vina jumla ya mita za mraba 2,079 katika paneli 2,448. Wenyeji wa nyumba hiyo ni marehemu waliozikwa ndani ya kuta, na wanaoingia ni jamaa zao wanaokuja na maua.

Ukihesabu vioo vya jengo zima badala ya mchoro mmoja, Afrika inaingia uwanjani. Basilika ya Bibi Yetu wa Amani, Yamoussoukro, nchini Côte d'Ivoire, ina zaidi ya mita za mraba 7,000 za vioo vya rangi. Msanifu wake ni Pierre Fakhoury, na Papa Yohane Paulo wa Pili aliitabaruku Septemba 1990. Msalaba wa juu ya kuba unafikia mita 158 kutoka ardhini. Vioo vilitengenezwa Ufaransa, na katika mojawapo Rais Félix Houphouët-Boigny, aliyeijenga basilika katika kijiji alichozaliwa, ameonyeshwa akiwa pamoja na Yesu na wafuasi wake. Ukubwa umepatikana. Ubishi kuhusu gharama yake, katika nchi iliyokuwa na madeni wakati ule, haujaisha mpaka leo.

Dari za kutazamwa ukiwa umelala

Chicago Cultural Center ilifunguliwa mwaka 1897 ikiwa maktaba ya umma, na sehemu ya jengo ilitengwa kuwakumbuka askari wa upande wa Kaskazini waliopigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Kuba lake la vioo vya kampuni ya Tiffany lina kipenyo cha mita 11.6 na vipande vya kioo vipatavyo 30,000. Kwa vioo vya Tiffany hakuna kuba linaloaminika kulizidi.

Huko Melbourne, Australia, dari ya ukumbi mkuu wa National Gallery of Victoria ina urefu wa mita 51 na upana wa mita 15. Msanii Leonard French aliifanyia kazi kwa takriban miaka mitano kabla ya ukumbi kufunguliwa mwaka 1968. Hakutumia kioo chembamba na risasi. Alitumia vipande vinene vilivyogongwa kwa nyundo kingoni ili vimeguke na kutawanya mwanga. Wageni wanaruhusiwa kulala chali sakafuni waitazame, na wengi hufanya hivyo, watoto kwa wazee.

Thurea na rekodi isiyotulia

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos mjini Muscat ulifunguliwa mwaka 2001. Thurea ya ukumbi wake mkuu ina kimo cha mita 14, uzito wa tani 8 na nusu, fuwele 600,000 na taa 1,122. Ndani yake kuna ngazi za kupitia mafundi wanaobadilisha balbu. Waswahili wengi wa Oman wamepiga picha chini yake wakawatumia ndugu zao Unguja, Pemba na Mombasa, na kwa miaka kadhaa walikuwa na haki ya kujisifu kwamba hakuna thurea inayoizidi duniani.

Mwaka 2007 Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed, Abu Dhabi, ulifunguliwa ukiwa na thurea yenye kipenyo cha mita 10 na uzito wa takriban tani 12. Kilichochekesha ni kwamba kampuni iliyotengeneza zote mbili ni ile ile, Faustig ya Ujerumani. Mwaka 2010 Guinness wakaipa rekodi Doha, Qatar, kwa thurea ya zaidi ya tani 17 iliyotundikwa kwenye jengo la ofisi. Ndani ya miaka kumi rekodi ilipita miji mitatu. Muscat haikupoteza hata fuwele moja, na waumini wake wanaswali chini ya taa ile ile. Kilichoondoka ni jina tu.

Kuba la chuma lenye uzito wa mnara

Louvre Abu Dhabi, makumbusho iliyofunguliwa Novemba 2017, imefunikwa na kuba lenye kipenyo cha mita 180. Msanifu Jean Nouvel alilitengeneza kwa tabaka nane za nyota za metali, nne za nje kwa chuma kisichoshika kutu na nne za ndani kwa alumini. Nyota zote ni 7,850, za ukubwa mbalimbali. Uzito wa kuba ni takriban tani 7,500, unaokaribiana na chuma chote cha mnara wa Eiffel, na mzigo huo umekaa juu ya nguzo nne tu zilizofichwa ndani ya majengo. Ukilitazama kutoka chini huoni kinacholibeba.

Jua likipita juu, mwanga hupenya tundu la tabaka moja, huzibwa na nyota ya tabaka la pili, kisha hutokea mahali pengine. Madoa ya mwanga hutembea sakafuni mchana kutwa. Nouvel alisema wazo lilitokana na mapaa ya makuti ya mitende, na mtu yeyote aliyekaa adhuhuri chini ya banda la makuti lililoanza kuchakaa, iwe Lamu au Bagamoyo, ameuona mwanga huo tayari bila kulipia tiketi.

Louvre ya Paris nayo ina kinara chake, ingawa ni kidogo. Piramidi ya I. M. Pei, iliyofunguliwa mwaka 1989, ina kimo cha mita 21.6 na vioo 673: 603 vyenye umbo la msambamba na 70 vya pembetatu. Uvumi ulioenea kwamba vioo ni 666, idadi ya mnyama wa Ufunuo, umekataa kufa hata baada ya kuhesabiwa mara nyingi. Pei alikataa kioo cha kawaida kwa sababu kina ukijani, akataka cheupe kabisa ili kasri la kale lisibadilike rangi likitazamwa kupitia humo. Kiwanda cha Saint-Gobain kililazimika kutengeneza kioo maalumu kwa ajili yake.

Tao refu kuliko yote

Gateway Arch ya St. Louis, Marekani, ni kumbukumbu ya safari za walowezi kuelekea magharibi. Ina kimo cha mita 192 na upana wa mita 192 kwenye nyayo zake, na ndilo tao refu kuliko yote duniani. Msanifu wake, Eero Saarinen, alifariki mwaka 1961, kabla mguu wa kwanza haujasimikwa.

Miguu miwili ilijengwa kwa wakati mmoja, kila mmoja ukipanda peke yake kwa vipande vya pembetatu vilivyovishwa chuma kisichoshika kutu. Kosa dogo mno la kipimo chini lingeifanya miguu ipishane juu. Asubuhi ya Oktoba 28, 1965, siku ya kupachika kipande cha mwisho, jua liliupiga mguu wa kusini, chuma kikatanuka na pengo likawa dogo kuliko kipande kinachoingia. Wazima moto wakavuta mipira yao ya maji wakaumwagia mguu huo mpaka ukapoa na kunywea, jeki kubwa zikaisukuma miguu kando, na kipande kikaingia. Wenye bima walikuwa wamekadiria kwamba wafanyakazi 13 wangekufa katika ujenzi ule. Hakufa hata mmoja. Hiyo rekodi ya pili, kwetu sisi, ndiyo kubwa.

Milango iliyokula miaka

Lorenzo Ghiberti alianza kutengeneza jozi yake ya pili ya milango ya Nyumba ya Ubatizo, mjini Florence, mwaka 1425. Aliimaliza mwaka 1452. Miaka 27 kwa paneli kumi za bronzi iliyopakwa dhahabu, kila moja ikisimulia kisa cha Agano la Kale. Watu waliiita Milango ya Peponi, na Ghiberti hakuona haya kuweka kichwa chake mwenyewe, chenye upara, miongoni mwa vichwa vidogo vya pembeni.

Mafuriko ya mto Arno ya mwaka 1966 yaling'oa baadhi ya paneli zake. Kazi ya kuisafisha na kuirekebisha ilikamilika mwaka 2012, na yenyewe pia ilichukua miaka 27. Milango ya asili sasa imo makumbushoni ndani ya sanduku la kioo lenye hewa inayodhibitiwa. Iliyo kwenye jengo lenyewe ni nakala.

Chuma kilichokataa kutu, na kilichoikaribisha

Mjini Delhi, ndani ya uwanja wa Qutb, imesimama nguzo ya chuma yenye kimo cha mita 7.2 na uzito wa zaidi ya tani 6. Ina umri wa takriban miaka 1,600, na maandishi yake yanamsifu mfalme Chandra, ambaye wanahistoria wengi wanasema ni Chandragupta wa Pili. Imepigwa na mvua za masika zaidi ya 1,000 bila kuliwa. Sababu imo kwenye ufundi wa wahunzi wa kale: chuma chao kilibaki na fosforasi nyingi, nayo ikasaidia kujenga utando mwembamba unaozuia kutu isiingie ndani. Kilichoihatarisha ni mikono. Watu waliamini kwamba anayeweza kuikumbatia kwa nyuma hadi viganja vikutane atapata bahati, na jasho likaanza kuila. Uzio uliwekwa mwaka 1997.

Kinyume chake kipo Montgomery, Alabama. Kumbukumbu ya Kitaifa ya Amani na Haki ilifunguliwa Aprili 2018 kuwaenzi zaidi ya Wamarekani weusi 4,400 waliouawa na makundi ya watu kati ya mwaka 1877 na 1950. Zaidi ya masanduku 800 ya chuma yamening'inizwa darini, moja kwa kila wilaya yalikofanyika mauaji, na majina yamekatwa juu yake. Chuma chake ni cha aina inayoachwa ishike kutu: tabaka la nje likishageuka kahawia hulinda la ndani. Unapoingia, masanduku yanasimama usawa wa macho yako. Sakafu inashuka kidogo kidogo, na kabla hujatambua, yako juu ya kichwa, yananing'inia, nawe unatazama kwa shingo iliyopinda kama walivyotazama walioletwa kushuhudia. Kampuni ya usanifu iliyoshiriki, MASS Design Group, ilipata jina kwa hospitali ya Butaro nchini Rwanda na ina ofisi Kigali, mji unaojua maana ya kujenga nyumba kwa ajili ya majina ya waliouawa.

Majina yanayoguswa

Mjini New York, pale yalipokuwa majengo pacha, mabwawa mawili yamezungukwa na kingo za bronzi zenye majina 2,983: ya waliokufa Septemba 11, 2001 na ya sita waliouawa katika shambulio la 1993. Herufi hazikuchongwa juu juu. Zimekatwa mpaka upande wa pili, na usiku taa iliyo chini huzifanya ziwake. Kidole kinaingia ndani ya herufi.

Kazi ngumu ilikuwa kupanga nani akae karibu na nani. Familia zilituma maombi zaidi ya 1,200: huyu awekwe na ndugu yake, yule na aliyekaa naye ofisini, mwingine na mtu aliyekutana naye ndani ya ndege asubuhi ile ile. Programu ya kompyuta ilitumika kutafuta mpangilio, kisha watu wakaukamilisha kwa jicho. Hakuna alfabeti, hakuna vyeo. Siku ya kuzaliwa ya marehemu, ua jeupe la waridi huchomekwa kwenye jina lake, na herufi zile zilizo wazi ndizo zinazolishika.

Ngozi ya metali yenye ukoo

Makumbusho ya Kitaifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, Washington, yalifunguliwa Septemba 24, 2016. Kiongozi wa usanifu, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966, baba yake akiwa mwanadiplomasia wa Ghana. Jengo limevishwa paneli 3,600 za alumini ya kusubu yenye rangi ya bronzi. Bronzi halisi ingekuwa nzito na ghali mno. Umbo la jumla, taji la ngazi tatu, limetoka kwenye nguzo ya mbao iliyochongwa na Olowe wa Ise, bingwa wa Kiyoruba. Matundu ya paneli yamefuata nakshi za chuma za New Orleans na Charleston, zilizofuliwa na wahunzi Waafrika wakiwa watumwa. Kwenye nyumba za mabwana nakshi hizo zilihesabiwa kuwa za wenye nyumba. Washington zimerudishiwa wenyewe.

Vinara wa ukanda wetu

Namugongo, nje kidogo ya Kampala, ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto Juni 3, 1886. Msanifu Mswisi Justus Dahinden aliichukua nyumba ya msonge ya Kiganda akaigeuza basilika, ikatabarukiwa mwaka 1975. Paa lake linashuka kwa nguzo 22 zilizovishwa shaba, kwa idadi ya mashahidi 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Kila Juni mahujaji hufika kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania, na hakuna anayehitaji maandishi ukutani kumweleza idadi, anahesabu nguzo.

Addis Ababa, katika Africa Hall, msanii Afewerk Tekle aliacha mita za mraba 150 za vioo vya rangi katika sehemu tatu: Afrika iliyoonewa, Afrika inayopigana na Afrika iliyo huru. Ukumbi ulizinduliwa mwaka 1961. Miaka miwili baadaye, Mei 1963, viongozi wa nchi 32, Julius Nyerere wa Tanganyika miongoni mwao, walikutana katika jengo hilo wakaasisi Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kenya na Zanzibar zilikuwa bado hazijapata uhuru. Ukumbi ulifunguliwa upya Oktoba 2024 baada ya ukarabati wa miaka mingi, na vioo vya Afewerk viking'aa tena.

Zanzibar ilikuwa na rekodi zake. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa jengo refu kuliko yote Afrika Mashariki, la kwanza kuwa na umeme na lifti, na mabaraza yake yalibebwa na nguzo za chuma cha kusubu. Baadaye ikawa makumbusho. Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafariki. Rekodi haikulilinda jengo. Matunzo ya kila mwaka ndiyo hulinda.

Kilichotoka mbali zaidi

Katika kanisa kuu la kitaifa la Washington lipo dirisha linaloitwa la anga za juu. Katikati yake imefungwa chembe ya jiwe la mwezini ya gramu 7.18, iliyoletwa na wanaanga wa Apollo 11 na kukabidhiwa na wao wenyewe mwaka 1974. Hakuna mwenye vioo anayeweza kudai malighafi iliyosafiri zaidi.

Mchango mdogo kuliko yote

Tumeliacha mwisho kwa makusudi dirisha ambalo kwa kipimo halifiki mbali. Septemba 15, 1963, wabaguzi wa Ku Klux Klan walilipua kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, Birmingham, Alabama. Wasichana wanne waliuawa wakijiandaa kwa ibada. Watatu walikuwa na miaka 14, mmoja 11. Katika dirisha moja la rangi lililobaki, mlipuko ulikuwa umeung'oa uso wa Yesu.

Habari zilimfikia John Petts, msanii wa vioo nchini Wales, naye akataka kufanya kitu kwa mikono yake. Gazeti la Western Mail likaanzisha mchango. Sharti lilikuwa moja: hakuna mtu anayeruhusiwa kutoa zaidi ya nusu krauni, yaani shilingi mbili na peni sita za Uingereza za wakati ule. Hawakutaka tajiri mmoja alinunue dirisha na kuandikwa jina. Walitaka liwe la watu wa Wales, na fedha zilijaa haraka, sehemu yake ikiwa ni sarafu za watoto.

Petts alichora Kristo mweusi aliyenyoosha mikono. Mkono wa kuume unasukuma dhuluma, wa kushoto unatoa msamaha. Chini kuna maneno machache kutoka Injili ya Mathayo, yale yanayosema kwamba anachotendewa mdogo hutendewa Bwana mwenyewe. Dirisha liliwekwa mwaka 1965 na lipo hapo mpaka sasa, juu ya mlango, likitazama madhabahu.

Katika orodha hii yote, sisi tunalipa dirisha hilo nafasi ya kwanza. Thurea ya Muscat ilizidiwa, na kuba la Abu Dhabi litazidiwa siku moja. Hakuna atakayeweza kuvunja rekodi ya mchango uliowekewa kiwango cha juu badala ya cha chini.

Nchi zetu zitajenga kumbukumbu nyingine, za mashujaa, za wahanga wa ajali na za waliouawa bila hatia. Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kamukunji, Nairobi, hufua mageti na grili zenye nakshi kila siku ya Mungu, na wengi wao hawajawahi kuulizwa wangewakumbuka vipi watu wao kwa chuma. Kamati zinazopanga kumbukumbu hizo ziwaite mezani tangu mchoro wa kwanza, wala zisingoje siku ya kufunga geti la kuingilia.